Maswali na Majibu: Juhudi za kupunguza ubaguzi wa rangi, zinafanya kazi au ni geresha?

Toleo lililopita tuligusia ubaguzi wa rangi kwa juu juu tu na barua zikamiminika, nyingine ndefu mpaka nimelazimika kuzikata, mnisamehe. Karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, kwamba haya yote yanayofanyika duniani, semina, sheria, kampeni za viwanjani, yanapunguza kitu au tunapoteza muda. Nimechagua chache.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi nimeajiriwa kwenye kampuni kubwa yenye watu wa kila rangi. Kila mwaka lazima tukae semina ya kupinga ubaguzi, analetwa mtaalamu anaonyesha slaidi, tunajibu maswali kwenye kompyuta, tunasaini, tunarudi kwenye viti vyetu. Ukiangalia waliokaa juu ni walewale na wanaopandishwa vyeo ni walewale. Sasa najiuliza hizi hela zinazomwagwa kwenye haya mambo zinapunguza ubaguzi kweli au ni geresha tu?
*Nimechoka Kusaini*

JIBU: Ndugu yangu Nimechoka, pole kwanza. Swali lako lina majibu mawili yanayogombana na yote ni ya kweli, ndo maana ukiwaweka watu mezani wanabishana mpaka usiku. Kama unauliza semina za namna hiyo, hapana, nyingi hazibadilishi kitu cha maana. Kama unauliza juhudi zote kwa jumla hapo nakukatalia, ziko zilizofanya kazi na wapo watu wamepona kifo kwa sababu yake, nitafika huko kwenye barua ya mzee hapo chini.

Tuanze na hizo slaidi. Wanasosholojia wawili, Frank Dobbin na Alexandra Kalev, walikusanya data za kampuni zaidi ya 800 za Marekani za miongo kama mitatu, na hawakuhangaika kuuliza watu wanajisikiaje baada ya semina, waliangalia kitu kigumu kudanganya: nani amekuwa meneja. Kwenye kampuni zilizowalazimisha mameneja wakae semina, miaka mitano baadaye idadi ya wanaume weusi kwenye umeneja haikusogea, ya wanawake weusi ndo kabisa, ilishuka kwa wastani wa asilimia 9. Yani bora wangekaa kimya. Maelezo yao ni kwamba mtu mzima ukimshika sikio ukamwambia kaa hapa nikufundishe kutokuwa mbaguzi, wengi wanatoka na hasira kuliko walivyoingia, na mi naongeza kwamba wengine wanatoka wakiamini tatizo limeshaisha maana si tumekaa semina jamani.

Mfano mwingine, polisi wa jiji la New York. 2018 walianza kupeleka askari wao kwenye mafunzo ya siku moja kuhusu upendeleo uliojificha kichwani, ule ambao mwenyewe hujui kama unao. Tathmini ikatoka 2020. Somo askari walikuwa wamelielewa, ukiwauliza wanakujibu vizuri tu, ila huko barabarani, nani anasimamishwa, nani anapekuliwa, nani anakamatwa, watafiti hawakuona badiliko la maana. Na wala sio polisi peke yao. Mwanasaikolojia Calvin Lai na wenzake walichukua mbinu 9 zinazoonekana kushusha huo upendeleo papo hapo, wakawapima watu tena baada ya masaa kadhaa mpaka siku chache, zote 9 zilikuwa zimeyeyuka. Mapitio ya 2019 yaliyojumlisha karibu tafiti 500 yakaja na habari mbaya zaidi, kwamba hata pale kipimo cha kichwani kinaposhuka, matendo ya mtu hayashuki nacho. Hapo ndo ujue hii biashara ya kusafisha vichwa kwa masaa mawili imesimama juu ya nini.

Sasa kwa nini kampuni zinaendelea nayo? Kwa sababu ni rahisi, inapigwa picha, na siku kampuni ikishtakiwa mwanasheria ana karatasi ya kuonyesha mahakamani kwamba sisi tulifundisha. Saini yako wewe ndo hiyo karatasi.

Hao hao Dobbin na Kalev wamekuta vitu vinavyosogeza namba, na vyote havina slaidi. Kimoja ni kumpa bosi kijana wa kumlea kikazi, rasmi kabisa, sio kuacha kila mtu achague mtoto wa rafiki yake. Kampuni zilizofanya hivo, wanawake weusi, Walatino na wenye asili ya Asia kwenye umeneja waliongezeka kati ya asilimia 9 na 24 kwa wastani. Ukifikiria inaeleweka, bosi aliyekaa na kijana mwaka mzima, kaona ripoti zake, kamrekebisha, kajua akipewa kazi ngumu anaimaliza, siku ya kupanga vyeo anamtetea mwenyewe bila kuambiwa, wala hakuna aliyemwita mbaguzi njiani. Kingine ni kuwa na mtu au kamati yenye kazi ya kuuliza kila idara kwa nini imeajiri iliowaajiri, na kupewa majibu. Watu wakijua wataulizwa wanafikiria mara mbili.

Ila usikimbilie kusema basi tufiche majina kwenye CV mambo yaishe, maana hata hiyo imejaribiwa. Ufaransa 2010 na 2011 kampuni zilizojitolea zilipokea CV zisizo na jina, na matokeo yakawa kinyume, waombaji wenye asili ya uhamiaji waliitwa kwenye usaili mara chache zaidi kuliko pale majina yanapoonekana. Kumbe kampuni zilizojitolea ndo zile ambazo tayari zilikuwa zinawaangalia hao waombaji kwa jicho la huruma, zikiona jina zinasamehe pengo kwenye CV, ulipoficha jina huruma nayo ikaondoka.

Marekani nako kuna majimbo na miji iliyokataza fomu za kazi kuuliza kama mtu ana rekodi ya jinai, nia ilikuwa nzuri tu, kuwasaidia zaidi wanaume weusi. Amanda Agan na Sonja Starr wakatuma maombi ya kazi ya kubuni kama 15,000 hivi kwenye jimbo la New Jersey na jiji la New York, kabla na baada ya sheria. Kabla, mwenye jina la kizungu aliitwa kwa asilimia 7 zaidi ya mwenye jina la watu weusi. Baada ya sheria pengo likawa asilimia 43! Waajiri walipokosa kile kisanduku cha kutiki wakaanza kubahatisha kwa kuangalia jina, ukiwa mweusi basi wewe lazima uliwahi kufungwa. Sisemi sheria zote za namna hii ni mbaya, nasema kila ukianzisha kitu hesabu kilichotokea, nia njema sio kipimo.

Kwa hiyo wewe badala ya kugombana na semina, kaa usaini uimalize, alafu waulize ofisi ya utumishi swali moja la karatasi: mwaka jana kwenye nafasi zile za juu waliomba wangapi, waliitwa wangapi, walipata wangapi, kwa mgawanyo wa rangi, na nani alikuwa kwenye meza ya kuamua. Wakikwambia hatuna hizo namba umeshapata jibu la barua yako.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mtu mzima nimeona mengi. Serikali zinatunga sheria kila siku za kukataza ubaguzi. Sheria inaweza kumfunga mtu mikono, moyo haufungwi. Kwa nini msiseme ukweli kwamba sheria hazisaidii?
*Mzee Msomaji*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kuhusu moyo tuko pamoja, ila nakuomba tuanze na hiyo mikono unayoidharau, maana mikono ndo inayofungua mlango wa hospitali.

Kusini mwa Marekani, miaka ya sitini mwanzoni. Hospitali nyingi zilikuwa na wodi ya weupe na wodi ya weusi, nyingine hazipokei weusi kabisa, mtoto mchanga wa mama mweusi anaharisha au ana nimonia anazungushwa mpaka hali inakuwa mbaya. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 ikasema taasisi inayobagua haipati hela ya serikali kuu. Maneno hayo yalikuwa kwenye karatasi mpaka 1 Julai 1966 ilipoanza bima ya afya ya wazee, Medicare, mabilioni ya dola, na hospitali zote zinaitaka. Serikali ikasema sawa mtaipata, ila kwanza wakaguzi waje. Wakaenda kukagua mgonjwa gani amelala jirani na nani, madaktari weusi wanaruhusiwa kutibu au la. Kwa miezi michache tu hospitali zilizobagua toka zijengwe zikachanganya wodi. Watafiti waliokuja kuchambua miaka ya baadaye wakakuta vifo vya watoto weusi wachanga kusini vilishuka sana, hasa kwa kuharisha na nimonia, magonjwa ambayo mtoto akiwahishwa hospitali akapata drip na antibayotiki anapona. Sa mzee, wale manesi na madaktari mioyo yao haikubadilika kati ya Machi na Julai. Walibadilisha wodi.

Au chukua kura. Mississippi mwanzoni mwa 1965 weusi waliojiandikisha kupiga kura walikuwa chini ya asilimia 7 ya wanaostahili. Sheria ya haki ya kupiga kura ikapita mwaka huohuo, serikali kuu ikapewa nguvu ya kupeleka waandikishaji wake yenyewe, na kufika 1967 wakawa karibu asilimia 60. Hata viwanda vya nguo vya South Carolina, ambavyo vilikuwa haviajiri weusi isipokuwa kufagia na kubeba mizigo, baada ya 1964 vikaanza kuajiri kwa kasi, na sio kwamba mapenzi yameanza, wenyewe walitaka wafanyakazi muda mrefu ila kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza, sheria ikawapa kisingizio.

Na moyo nao unakuja mzee, unachelewa tu. Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za kukataza ndoa za weusi na weupe 1967. Kura ya maoni ya shirika la Gallup mwaka uliofuata, 1968, waliosema wanazikubali hizo ndoa walikuwa asilimia 20. Ingesubiriwa mioyo, ingesubiriwa sana. 2021 Gallup hao hao wakauliza tena, asilimia 94.

Sasa nikupe na cha kwako maana una haki yako. Sheria bila meno ni karatasi. Brazil 1950 mcheza dansa maarufu mweusi wa Marekani, Katherine Dunham, alikataliwa chumba kwenye hoteli ya São Paulo, ikawa aibu dunia nzima, mwaka uliofuata wakatunga sheria. Lakini kosa lenyewe likawekwa kwenye kundi la makosa madogo madogo na waliohukumiwa walikuwa wa kutafuta kwa tochi, mpaka 1989 ndo likawa jinai kubwa. Kilichokuja kutikisa kitu huko ni sheria ya 2012 iliyotenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya serikali kuu kwa waliosoma shule za umma, na ndani yake nafasi za weusi, machotara na wazawa wa asili kulingana na idadi yao kwenye kila jimbo. Ukijumlisha na vyuo vilivyokuwa vimeanza mapema kujiwekea utaratibu kama huo, matokeo yakaonekana, 2018 kwa mara ya kwanza weusi na machotara walizidi nusu ya wanafunzi wa vyuo vya umma.

Na kuna mahali sheria inachoka. Ajira ndo hapo. Mtu akikunyima kazi kwa rangi yako hakwambii, anakwambia asante tutakupigia. Lincoln Quillian na wenzake walikusanya majaribio ya Marekani yote ya kutuma waombaji wanaofanana kila kitu isipokuwa rangi, kuanzia 1989 mpaka 2015, wakakuta weupe wanaitwa kwa asilimia 36 zaidi ya weusi, na hilo pengo kwa miaka 25 halikupungua. Miaka hiyohiyo kwenye kura za maoni watu wanazidi kuwa wazuri! Kwa hiyo mzee mtu anaweza kuikubali ndoa ya jirani na bado CV yako akaiweka chini ya nyingine bila yeye mwenyewe kugundua. Pale pasipo na mkaguzi wa kuangalia nani kalala jirani na nani, sheria inakuwa na macho mabovu.

SWALI: Mambo vipi kaka. Mi mpenzi wa mpira. Miaka nenda rudi tunaona mabango ya kupinga ubaguzi, makapteni wanasoma ujumbe, wachezaji wanapiga goti, alafu dakika ya ishirini watu wanaiga sauti za nyani. Hii inasaidia nini?
*Shabiki wa Kona*

JIBU: Bango halimwogopeshi mtu, tukubaliane. Na wenye mpira wenyewe wana haraka ya kujisifu, FIFA 2016 ilivunja kikosi kazi chake cha kupinga ubaguzi ikisema kimemaliza kazi. Kimemaliza!

Madhara yake yanapimika hata kwenye miguu ya wachezaji. Msimu wa 2019/20 ligi kuu ya Italia ilipomaliziwa viwanja vitupu kwa sababu ya korona, watafiti walilinganisha viwango vya wachezaji kabla na baada. Wenye asili ya Afrika, ambao ndo wanaozomewa zaidi, walicheza vizuri zaidi kwa kama asilimia 3 pale jukwaa lilipokuwa tupu, wengine hamna kitu kama hicho. Yani kila wiki wenzao wanacheza mpira tu, wao wanacheza mpira na kelele.

Mi naona kilichobadilika ni pale mambo yalipotoka kwenye bango yakaenda mahakamani. Mei 2023 Vinícius Júnior, mchezaji mweusi wa Real Madrid, alitukanwa kwenye uwanja wa Valencia, dunia nzima iliona, na Juni 2024 mashabiki watatu wakahukumiwa miezi 8 na kufungiwa viwanja miaka miwili, hukumu ya kwanza ya namna hiyo Hispania. Kwa taratibu za huko kifungo kifupi kama hicho kwa asiye na kosa la nyuma kwa kawaida hakitumikiwi gerezani, sawa, ila rekodi ya jinai sio mchezo, na jirani yako aliyezoea kupiga kelele amejua kwamba kamera zinakuona uso.

Kuna na habari ya Mohamed Salah, Mmisri Mwislamu, hiyo inahusu zaidi chuki ya dini ila iko jirani. Watafiti walikuta baada ya Salah kujiunga na Liverpool uhalifu wa chuki kwenye eneo la Merseyside, ndiko Liverpool iliko, ulikuwa chini kwa asilimia 16 kuliko ilivyotarajiwa, na twiti za mashabiki wa Liverpool dhidi ya Waislamu zilipungua kama nusu. Nzuri sana, ila mwenzangu na mimi tunajua hayo mapenzi yanalipiwa kwa mabao. 2021 Rashford, Sancho na Saka, wachezaji weusi wa England, walikosa penalti fainali ya Euro, na matusi yalianza usiku huohuo.

SWALI: Nyie waandishi ndo mnaokuza haya mambo. Mkiacha kuongelea rangi kila siku ubaguzi utakufa wenyewe.
*Asiyejali*

JIBU: Ndugu Asiyejali, hili limepimwa kwa marefa wa kikapu, tena wa NBA, ligi kubwa ya Marekani. Wachumi Joseph Price na Justin Wolfers walichambua mechi za kuanzia 1991 mpaka 2004, wakakuta mchezaji anapigiwa faulo nyingi zaidi marefa wakiwa wa rangi tofauti na yake, tofauti ya mpaka asilimia 4. Ndogo ila ipo, na hakuna refa aliyejua anafanya hivo, ungemuuliza angeapa. Mei 2007 habari ikatoka ukurasa wa mbele wa gazeti la New York Times, ikagombaniwa kwenye redio na televisheni zote. Ligi yenyewe ilikataa matokeo na haikuwafundisha marefa kitu wala kubadilisha malipo yao. Baadaye wachumi haohao na mwenzao wakaangalia mechi za baada ya hapo mpaka 2010: ule upendeleo umepotea. Wakaangalia na miaka ya katikati, kabla gazeti halijaandika, ulikuwepo vilevile.

Hakukuwa na semina hapo. Walijua tu kwamba kitu hiki kinafanywa na kwamba kuna watu wanahesabu. Kimya kilikuwa na zaidi ya miaka 10 ya kujaribu na hakikufuta kitu.

SWALI: Shikamoo kaka. Naanza chuo na nimeambiwa nitapangiwa chumba kimoja na mtu wa rangi nyingine, wanasema ni mpango wa kuchanganya wanafunzi. Kukaa pamoja tu kunaondoa ubaguzi kweli?
*Mwaka wa Kwanza*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kunasaidia, kwa masharti. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliyaandika 1954: muwe na hadhi sawa, muwe na lengo moja, mfanye kazi pamoja sio kushindana, na wakubwa wa mahali hapo wawe wanaunga mkono. Mtu aliyekaa na watumishi wa rangi nyingine nyumbani kwake maisha yote hajatimiza hata moja, ndo maana hajabadilika. 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walijumlisha tafiti zaidi ya 500 zenye watu zaidi ya laki mbili na nusu, na zaidi ya asilimia 90 zilionyesha watu wanaokutana hivo chuki inapungua.

Kesi inayofanana na yako ni Chuo Kikuu cha Cape Town, watafiti walitumia vyumba vya mwaka wa kwanza ambavyo wanafunzi walipangwa kwa bahati nasibu. Weupe waliokaa na weusi walipunguza dhana mbaya juu ya weusi, wakapata na marafiki wa rangi nyingine zaidi. Na weusi waliokaa na wenzao wa rangi nyingine wakafaulu mitihani vizuri zaidi, hilo mi lilinishangaza kuliko la kwanza.

Mipaka ipo. Salma Mousa alifanya jaribio Iraki, Wakristo waliokimbizwa na ISIS wakawekwa kwenye timu za mpira, baadhi zikaongezewa wachezaji Waislamu. Waliochanganywa walikuwa tayari zaidi kumpigia Mwislamu kura ya tuzo ya uanamichezo, na miezi sita baadaye walikuwa wanafanya mazoezi na Waislamu zaidi ya wengine. Ila ukiwapa vocha ya kwenda kula kwenye mgahawa kule Mosul kwa Waislamu wasiowajua, hawaendi zaidi ya wengine. Walimpenda fulani na fulani, jumuiya nzima bado. Kwa hiyo wewe na mwenzako wa chumbani mtaelewana tu inshallah, ila usikubali kugeuzwa mwalimu wa rangi yako usiku na mchana, kila habari ikitoka wewe uelezee. Na wewe pia usimfanye yeye hivo. Gawaneni zamu za kufagia kwanza.

SWALI: Kuna mtu mtandaoni tunafahamiana, kila siku anatukana watu weusi. Kumjibu kunasaidia au namwongezea kiki?
*Dada wa Komenti*

JIBU: Dada, inategemea anajibiwa na nani. Kevin Munger alilijaribu hili Twitter kwa wanaume weupe waliokuwa wanawarushia watu tusi la kibaguzi. Alitengeneza akaunti za kubuni, nyingine zinaonekana za mzungu nyingine za mweusi, nyingine zina wafuasi wengi nyingine wachache, zote zikatuma ujumbe uleule wa upole, kaka kumbuka huku kuna binadamu wa kweli wanaoumia ukiongea hivi. Waliopunguza matusi kwa uwazi ni wale walioambiwa na akaunti ya mzungu mwenye wafuasi wengi. Ya mweusi mwenye wafuasi wachache haikusaidia.

Inauma lakini ndo matokeo. Kwa hiyo kama wewe ndo mweusi unayetukanwa huna deni la kumfundisha, bonyeza kumzuia uendelee na siku yako. Ila mtafute mtu wa upande wake, wa rangi yake, ambaye yeye anamheshimu, umtumie picha ya hayo maneno umwambie ongea na mwenzio. Aongee kwa upole, kwa sentensi moja. Na akikujibu kwamba yeye hayamhusu, usibembeleze, tafuta mwingine.